Siku niliyoshindwa kuelekeza watu nyumbani kwangu

Kwa miaka minne, mtu akiniuliza naishi wapi, nilitaja jina la mtaa na kuongeza, "ndiko ninakokaa." Sikuwahi kusema "kwetu." Kwetu ni kule nilikozaliwa, ambako hata mbwa wa jirani alinijua kwa mwendo. Huku nilikuja na mabegi mawili, godoro na mkataba wa chumba.

Mimi ni nesi, na karibu miaka yote hiyo nimefanya zamu ya usiku. Majirani wakianza kufunga milango, mimi natoka. Nikirudi asubuhi wao ndio wanatoka, nami napita upande wenye kivuli, macho mazito, nawaza kitanda tu. Nilikuwa nasalimia, ndiyo. Lakini salamu ya mtu anayepita haina mizizi. Nilijua mlango wangu, ngazi zangu na njia ya kwenda kazini, basi.

Jumapili moja nikiwa nimelala nilisikia kishindo ngazini, kisha sauti ya mtu mzima akilia. Nilitoka mbio. Mzee wa ghorofa ya pili alikuwa ameanguka, amelala ubavu kwenye kituo cha ngazi. Mguu wa kulia ulionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umepinduka kwa nje, na mtu wa kazi yangu akiona hivyo anajua nyonga imevunjika. Nilikataza watu wasimwinue. Nikamfunika, nikamshika mkono, nikapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Nielekeze, dada. Mko wapi?"

Nikataja mtaa.

"Huo mtaa ni mrefu. Karibu na nini?"

Nikanyamaza. Naikumbuka bado aibu ya ukimya ule. Nilikuwa najua mfupa uliovunjika, na sijui mahali niliposimama. Nikasema, "Kuna nyumba ya ghorofa..." huku mzee akigugumia kwa maumivu chini yangu. Ndipo jirani wa chini, tunayemwita Mama Mapacha kwa ajili ya wanawe, aliponinyang'anya simu. "Sikiliza, baba. Njoo mpaka kwenye mti uliopinda. Usiupite. Kata mkono wa kushoto, utaona ukuta wa buluu uliobambuka rangi. Hesabu milango mitatu. Kuna mtaro hauna mfuniko, usiingize tairi humo. Mtoto amesimama hapo anakupungia." Kabla hajamaliza kusema, mtoto alikuwa ameshatumwa.

Gari lilifika. Mzee alifanyiwa upasuaji, na leo anatembea kwa mkongojo. Lakini usiku ule kazini sikutulia. Mti gani uliopinda? Ukuta gani wa buluu? Nilikuwa nimepita hapo zaidi ya mara elfu.

Baadaye nilisoma habari za Kevin Lynch, Mmarekani aliyesomea mipango ya miji. Yeye na wenzake waliwahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles, wakawaomba wachore miji yao kwa kichwa, bila kutazama ramani. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1960. Aligundua kuwa watu hubeba mji kichwani kwa vitu vitano: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Nilichukua karatasi nikajaribu kuchora mtaa wangu. Nilichora mstari mmoja, na mwisho wake kitanda.

Nikaamua kupiga picha. Sikuwa na mpango wowote mkubwa. Nilitaka tu kujilazimisha kutazama. Kila asubuhi nikirudi, kabla ya kupanda ngazi, nipige picha tano kwa simu. Siku ya kwanza nilipiga mti. Kweli umepinda, tena umepinda kuikwepa nyumba, kama mtu anayempisha mwenzake njiani. Siku ya pili nikapiga ukuta wa buluu. Chini ya buluu kuna kijani, na chini ya kijani kuna nyeupe. Nikajiuliza ni nani aliyeishi hapa wakati wa nyeupe.

Siku ya tatu nikampiga picha fundi viatu.

Anakaa penye kona, chini ya turubai lililofungwa kwenye nondo, na kibao chake kimeng'aa kwa kukaliwa. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia kwa pembeni na kuangukia mikono yake. Nikaona picha. Nikapiga kutoka upande wa pili wa njia, nikaanza kuondoka.

"Dada."

Nikageuka.

"Umenipiga picha?"

"Ndiyo, mzee. Samahani. Mwanga ulikuwa mzuri."

"Ifute. Nione ukiifuta."

Nikaifuta mbele ya macho yake. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akanivutia kibao kidogo, akaniambia nikae. Miaka ya nyuma, alisema, alipita mtu na kamera kubwa, akampiga akiwa ameinama, asimuulize hata jina. Miezi ikapita. Siku moja mteja akamletea karatasi ya kuomba michango. Humo ndani yumo yeye, ameinama vile vile, na chini yake maneno yanayosema huyu ni mtu aliyekata tamaa.

"Nilikuwa naokota sindano," akaniambia. "Sindano ilianguka."

Nimeibeba sentensi hiyo hadi leo. Mtu anaokota sindano yake aendelee na kazi, na mgeni anamsoma kuwa amekata tamaa. Na mimi, ambaye nyumba yangu iko hatua chache kutoka kwake, nilikuwa nimefanya lile lile. Nilikuwa nimeuchukua mwanga ulioangukia mikono yake na kuondoka nao. Tofauti yetu ilikuwa kwamba mimi angeweza kuniita nikarudi.

Kutoka siku hiyo sikupiga picha ya mtu, mlango wa mtu wala kamba ya nguo za mtu bila kuomba. Na hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa sababu ambayo sikuitarajia. Kuomba ruhusa kunachukua muda. Huwezi kumwendea mtu ukasema "naomba nikupige picha" kabla hujamwamkia. Ukimwamkia, atakuuliza wewe ni wa wapi. Ukimjibu kuwa unakaa ghorofa ya tatu, atasema, "Kumbe wewe ndiye uliyemshika yule mzee." Kisha unamweleza picha ni ya nini, naye anakupa masharti yake: ngoja nivae, usipige upande ule, mpige na mtoto. Halafu unarudi kumwonyesha. Halafu unaisafisha, unampelekea ya kwake mkononi. Picha moja inakupeleka mlangoni kwa mtu mara tatu. Ukishafika mara tatu, mara ya nne huhitaji picha.

Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu nimeyaishi yote mawili. Picha nilizopiga zile siku mbili za kwanza ni nzuri, lakini hazikunipa mtu. Zilizonipa watu ni zile nilizoziomba, hata zilizotoka na ukungu.

Mama Mapacha ndiye aliyesema tuwe wengi. Alikuwa ameziona picha zangu, akanyoosha kidole: "Hii sawa, lakini huu si mtaa wangu. Wewe umepiga asubuhi tupu. Mtaa wangu mimi ni saa kumi jioni." Akachukua simu yangu. Jioni ile alipiga uwanja mdogo ulio kati ya nyumba mbili, wakati jua limeshapita ukuta na akina mama wote wametoa vigoda. Mahali hapo mimi nilikuwa napajua kama njia ya mkato tu.

Tukawa wanane. Mama Mapacha na wanawe wawili wa miaka tisa, mzee wa nyonga, aliyekuwa anajifunza kutembea upya, kijana mmoja anayesoma chuo, wapangaji wawili wa nyumba ya nyuma, na mimi. Simu zenye kamera ya kuaminika zilikuwa tatu, tukazizungusha. Kila wiki tulipeana neno moja la kutafutia picha: mahali unaposimama bila sababu, kitu kilichokuwapo kabla yako, kitu unachokikwepa.

Si sisi tuliobuni jambo hili, na nilifurahi nilipojua hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya kazi na wanawake wa vijijini katika mkoa wa Yunnan, China. Waliwapa kamera wapige picha maisha yao wenyewe, kisha wakakaa pamoja kuzijadili, ili wenye mamlaka wayaone mambo kwa jicho la wanawake hao. Mwaka 1997 walichapisha maelezo ya mbinu hiyo, na imetumiwa sehemu nyingi za dunia tangu hapo. Mwaka huo huo wa 1997, huko Mathare, Nairobi, vijana wa chama cha michezo cha MYSA walianza kupiga picha za maisha yao kwa kamera ndogo za plastiki, wakiongozwa na mpigapicha Lana Wong. Kote huko jambo ni lile lile: mwenye kupiga ni mwenye kuishi hapo, na picha haijakamilika mpaka izungumzwe.

Tulianza kutumia maswali yanayohusishwa na mbinu hiyo, kwa maneno yetu. Unaona nini hapa? Hasa hasa kinatokea nini? Kinatuhusu vipi? Kwa nini hali iko hivi? Tufanye nini? Swali la pili ndilo zito. La kwanza kila mtu analijibu: naona ngazi. La pili linamtaka mtu aseme anachokijua peke yake.

Kwa mfano ngazi. Mmoja wa mapacha aliingia chini ya ngazi za nyumba yetu, akalala chali, akapiga picha kwenda juu. Mimi sikuwahi kujua kama ngazi zina upande wa chini. Kule, kwenye saruji, kulikuwa na majina kumi na moja yaliyokwaruzwa kwa msumari, mengine makubwa, mengine madogo kama ya mtoto anayeanza kuandika. Mzee alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaikaribisha, akaanza kuyasoma. Jina moja moja. Huyu alihama na mama yake. Huyu alikuja kuoa hapa hapa. Hawa wawili walikuwa ndugu, na mdogo alikuwa hapandi ngazi bila kushikwa mkono. Jina la tisa alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Huyu ni wangu." Mwanawe. Yuko mbali, yuko salama, lakini mzee hakuwahi kujua kwamba jina lake limebaki chini ya ngazi zile zile alizoangukia.

Pacha akauliza kama na yeye anaweza kuandika. Mama yake akafungua mdomo kumkataza, akaufunga.

Nieleze jambo moja la ufundi, maana lilituchosha wiki mbili nzima. Mapacha walikuwa wanapenda kupigana picha wamesimama mlangoni, nyuma yao nje kuna jua kali. Kila mara nyuso zao zilitoka nyeusi tii, hazina macho wala pua, na nje kumeng'aa vizuri kabisa. Mmoja akaniuliza, "Mbona simu inauona ukuta, sisi haituoni?" Nilimjibu kwa vitendo. Kamera inapima mwanga wote iliouona, ikatafuta wastani. Penye mwanga mkali nyuma, uso unatoswa. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, shikilia, kisha pandisha mwanga kwa kidole. Au mgeuze mtu akae mwanga umkabili. Pacha akagusa uso wa ndugu yake kwenye kioo, nao ukatokea polepole, kama mtu anayetoka majini. Wakapiga kelele.

Lakini swali lake lilikuwa na historia ndefu kuliko nilivyomweleza. Kwa miongo mingi, maabara za kusafishia picha za rangi zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Filamu na mashine zikawekwa sawa kwa ajili yake, na watu wenye ngozi nyeusi wakatoka bila sura. Naamini mtoto kujifunza kugusa uso wa ndugu yake na kuuambia mtambo "anza na huyu" si jambo dogo.

Hatukukubaliana katika kila kitu. Neno la wiki lilipokuwa "kitu unachokikwepa," yule kijana wa chuo alileta picha sita za mtaro usio na mfuniko: taka, maji meusi, kiatu kimoja cha mtoto kimenasa pembeni. Picha kali. Mpangaji mmoja wa nyumba ya nyuma akakasirika. Akasema watu wa nje wanatusema uchafu, na sisi tunawapelekea ushahidi. Kijana akajibu kuwa tukificha mtaro, mtaro hautajifunika. Nilimwelewa kila mmoja. Nilimkumbuka fundi na sindano yake. Nikakumbuka na lile gari la wagonjwa likiukwepa mtaro kwa shibiri. Tulibishana mpaka giza. Mwisho tulikubaliana kwamba mtaro upigwe, lakini upigwe na watu wanaouruka, wajulikane ni nani na wanakwenda wapi. Mama Mapacha akaruka na ndoo, kijana akampiga akiwa hewani. Hiyo ndiyo picha iliyobaki. Mfuniko wa zege hatujaupata. Kuna ubao mzito watu waliuweka wenyewe baada ya kuiona picha, na unatikisika.

Tuliweka na kanuni chache, zilizotokana na makosa. Mtoto hapigwi bila mzazi wake kujua. Dirisha la mtu halipigwi kwa ndani. Mtu akibadili mawazo kesho, picha inafutwa, hata kama ni nzuri. Na kabla ya kutuma picha popote, tunazima huduma ya mahali kwenye kamera, kwa sababu simu huweza kuandika ndani ya picha sehemu hasa ilipopigwa, na si kila anayeiona picha ya mtoto anahitaji kujua mlango wake.

Fundi viatu hakuwa kati yetu. Nilikuwa nampitia kila asubuhi, tunaongea, na simu inakaa mfukoni. Siku moja nilimsimulia habari niliyoipenda. Picha ya zamani zaidi tuliyonayo iliyopigwa kwa kamera na kudumu ilipigwa na Mfaransa Nicéphore Niépce, mnamo 1826 au 1827, kutoka dirisha la nyumba yake mwenyewe, ikionyesha mapaa na ua. Alianza na alichokiona kila siku. Miaka kumi na kitu baadaye, mwaka 1838, Louis Daguerre alipiga njia moja ya Paris kutoka dirisha la juu. Njia ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini picha ilihitaji dakika kadhaa kupigika, na kila kilichotembea kikafutika. Ikabaki njia tupu. Isipokuwa mtu mmoja pale chini, aliyekuwa amesimama mguu mmoja umeinuliwa, anang'arishwa kiatu. Kwa sababu alitulia, alionekana. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza anayejulikana kuonekana kwenye picha.

Fundi akaacha kushona. "Na fundi wake?"

"Yupo, lakini haonekani vizuri. Alikuwa anasogea."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mikono ya kazi itatulia vipi?" Akavuta uzi, akaukata kwa meno. Baada ya muda akasema, "Lete hiyo simu. Mimi usinipige. Acha nipige mimi."

Nikamwachia simu, nikaenda kulala. Jioni niliikuta na picha arobaini na mbili, zote za viatu. Alikuwa amevipanga kimoja kimoja juu ya gunia, soli ikitazama juu. Tulipokaa kuzijadili alikuja, mara ya kwanza, akasimama pembeni. Mtu akauliza lile swali la kwanza, unaona nini hapa? Akaanza.

Huyu anakanyagia nje, angalia kisigino kilivyoliwa upande mmoja. Ana goti linalomsumbua. Huyu mwalimu, ncha imechubuka kwa kupiga magoti kwa watoto. Huyu alileta kiatu cha kushoto tu, cha kulia akasema bado kizima. Hiki kina saruji mishononi. Alikuwa anaujua mtaa mzima kutoka chini. Sisi tuliokuwa tunazunguka na simu miezi miwili, tukikagua kuta na milango, tulikaa kimya kama watoto wanaosimuliwa.

Kisha akafika kwenye safu ya viatu visivyochukuliwa. Vingine wenyewe walihama bila kuaga. Kimoja mwenyewe alifariki, na fundi hajaweza kukitupa. Na pale mwisho kulikuwa na jozi ya viatu vyeusi, vya chini, vyenye kamba, soli mpya kabisa.

"Hivi ni vya dada wa asubuhi," akasema. "Anarudi jua likichomoza. Anakanyaga sana mbele, kama mtu anayeogopa kuamsha watu. Aliviacha kabla ya mvua. Nilijua atakuja."

Vilikuwa vyangu. Nilivipeleka zaidi ya miezi minane iliyopita, asubuhi moja nimechoka, nikampa bila kumtazama vizuri, nikasahau. Nilinunua vingine. Tangu siku ile ya picha niliyoifuta nilikuwa nimekaa kwenye kibao chake asubuhi nyingi, na viatu vyangu viko nyuma yake kwenye gunia, naye hakuniambia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alitaka nivikumbuke mwenyewe, lakini kwa kuwa picha zimetangulia, basi.

Na ni kweli natembea hivyo. Wodini usiku unajifunza kukanyaga kwa mbele ya mguu, wagonjwa wasishtuke. Hakuna mtu aliyewahi kuliona jambo hilo kwangu, hata watu tunaolala nyumba moja. Aliliona mtu aliyeishika soli yangu.

Maonyesho tuliyafanya kwenye uwanja wa Mama Mapacha, saa kumi jioni kama alivyotaka. Tulifunga kamba za nguo nne, tukabana picha kwa vibanio. Tuliacha nafasi nyeupe chini ya kila picha na kalamu zikining'inia kwa uzi, na hilo naliona kuwa ndilo tulilolifanya vizuri kuliko yote. Watu waliandika. Chini ya mti uliopinda mtu aliandika mwaka ulipopandwa, mwingine akaukata na kuandika mwaka mwingine, wakasimama pale wakibishana, wote wawili wakidai walishika jembe. Chini ya ukuta wa buluu bibi mmoja ambaye hajui kuandika alimwita pacha amwandikie: "Nyeupe niliipaka mimi." Ndivyo nilivyopata jibu la swali langu la siku ya pili. Picha za majina ya chini ya ngazi ziliishia kupigwa picha tena na tena, zikatumwa kwa waliohama.

Watu waliondoka na picha zao mkononi. Kamba zilipobaki tupu Mama Mapacha akaanika nguo.

Siku chache baadaye mzee wa nyonga alinisimamisha ngazini, mkongojo mkononi. "Wewe ndiye peke yako unayeujua mtaa huu usiku. Mbona hutuonyeshi?" Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ninacho kitu wasichonacho wao. Sasa usiku nisipokuwa zamu naamka saa kumi alfajiri na kushuka. Giza linataka utulivu: nategemeza simu ukutani, naweka ijihesabie sekunde tatu, naondoa mkono. Nimepata turubai la fundi limefungwa na jiwe juu yake. Nimepata balbu ya ngazini na kivuli cha vyuma vyake kikipanda hadi ghorofa yangu. Nimepata ubao wa mtaro ukiwa na alama za nyayo zenye maji, mtu amepita punde tu, na fundi amenipa neno lake la heshima kwamba akiitazama vizuri atamjua.

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja kunitembelea kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Alipiga simu akiwa barabarani. "Dada, nielekeze."

"Teremka kwenye mti uliopinda, usiupite. Kata kushoto, fuata ukuta wa buluu, hesabu milango mitatu. Ubao wa mtaro unatikisika, kanyaga katikati. Ukimwona fundi viatu simama umwamkie, umwambie unakwenda kwa dada wa asubuhi. Kutoka hapo kwetu si mbali, atakuonyesha."

Nikashuka kumpokea. Nilimkuta anakuja polepole, pacha mmoja amembebea begi kichwani, na mwingine anamfuata nyuma na simu mkononi, bado anamwomba ruhusa.